Lenzi za marehemu: zitupwe, au kijana apigie picha?

Wiki hii naweka kando maswali ya presha na vidonda vya tumbo, ambayo bado yamejaa mezani kwangu, ili nijibu barua ya mama mmoja wa Tanga. Nimeifupisha kwa ruhusa yake, na jina lake nimelihifadhi.

“Mwanangu mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mjane, mume wangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa na studio ya picha tangu miaka ya sabini, na ameniachia sanduku lenye kamera mbili za filamu na lenzi sita. Mwanangu wa mwisho ana miaka 24. Amenunua kamera ya kidijitali ya mtumba na anataka kuzifunga lenzi za baba yake aanze kazi ya kupiga picha za harusi, maana lenzi mpya hatuna uwezo nazo. Sasa shemeji yangu ameona video kwenye simu inayosema lenzi za zamani zina mionzi ya saratani. Anasema zitoke nyumbani haraka, na kuna fundi amejitolea kuja kuzichukua bure akazitupe. Hapa naishi na mjukuu wa miaka miwili. Kijana amenuna, shemeji hapokei simu. Nifanye nini?”

Mama yangu, shikamoo, na pole kwa msiba. Nianze na jibu fupi, halafu nieleze sababu zake. Usimpe mtu yeyote sanduku hilo kwa sasa. Liweke juu ya kabati lenye kufuli, mbali na mjukuu na mbali na mahali mnapolala. Kijana wako anaweza kuzitumia lenzi hizo, ila si zote zitamfaa, na kuna mambo machache lazima ayafuate ili asijidhuru yeye wala mtoto. Shemeji naye hajakosea kabisa. Kuna kweli ndani ya alichokiona, ila imekuzwa.

Mionzi ipo, lakini si kila lenzi

Kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1970, viwanda kadhaa vya lenzi vilichanganya madini ya thoriamu kwenye kioo. Haikuwa siri wala uzembe. Thoriamu hukifanya kioo kipinde mwanga sana bila kuutawanya rangi zake, na hivyo wabunifu waliweza kutengeneza lenzi inayoingiza mwanga mwingi na bado ikatoa picha safi. Baadaye walipata aina nyingine za kioo zinazofanya kazi hiyohiyo, na thoriamu ikaachwa.

Thoriamu ina mionzi ya asili, nayo haiishi kwa sababu lenzi imezeeka. Huchukua takribani miaka bilioni 14 kwa nusu ya madini hayo kubadilika. Kwa hiyo lenzi iliyokuwa na mionzi mwaka 1968 inayo hadi leo.

Swali la maana ni kiasi gani kinamfikia mtu. Mionzi mingi ya thoriamu yenyewe ni ile inayoitwa alfa, ambayo huzuiwa na kitu chembamba kama karatasi au ngozi ya juu ya mwili. Iliyobaki, ya beta na gama, hutoka kwenye madini yanayozaliwa thoriamu inapobadilika. Hiyo hupenya zaidi, lakini hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali na lenzi. Kumbuka pia kwamba sote tunaishi na mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani, kwenye hewa na hata kwenye chakula. Wastani wake duniani ni milisiveti 2.4 kwa mtu kwa mwaka. Kinachoongezwa na lenzi ya aina hii kwa mpigapicha anayeitumia kwa kawaida, kisha anairudisha kabatini, ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Sheria za Marekani zinasaidia kuona hatari iko wapi hasa. Lenzi zilizokamilika zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 2013 zinaruhusiwa kumilikiwa bila leseni hata kama thoriamu inafikia asilimia 30 ya uzito wa kioo. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka miwili. Haikuruhusu kukichonga, kukisaga au kukisugua kioo hicho kukipa umbo jipya, na haihusu miwani, lenzi za kuvaa jichoni wala vioo vya kuchungulia kwenye darubini.

Sababu ya mipaka hiyo ni rahisi kuielewa. Vumbi la thoriamu likivutwa au kumezwa, ile alfa ambayo ngozi iliizuia nje sasa iko ndani ya mwili, mahali pasipo na ngozi ya kuizuia. Na kioo kinachokaa karibu kabisa na jicho kwa saa nyingi hakina ule umbali unaotulinda.

Utaitambuaje?

Mwambie kijana atandaze karatasi nyeupe mahali penye mwanga wa mchana, aziweke lenzi zote sita juu yake, afungue matundu yake hadi mwisho, aangalie kwa juu. Lenzi ya kawaida itaionyesha karatasi nyeupe, au yenye kivuli kidogo. Yenye thoriamu mara nyingi huionyesha kama inaonekana kupitia chai ya rangi, kwa sababu mionzi yake imekibadilisha kioo rangi kwa miaka mingi.

Hiyo ni dalili, si ushahidi. Kuna lenzi zilizogeuka manjano kwa sababu ya gundi ya kuunganishia vioo, na kuna za thoriamu zilizowahi kung’arishwa. Basi asome na maandishi yaliyozunguka mbele ya lenzi. Miongoni mwa zinazojulikana sana kuwa na thoriamu ni matoleo ya Takumar ya milimita 50 yenye f/1.4 ya Asahi, Canon FL ya milimita 58 yenye f/1.2, matoleo ya awali ya Canon FD ya milimita 35 yenye f/2, na baadhi ya lenzi za Kodak Ektar. Helios 44 za Urusi ya Kisovieti, ambazo zilitengenezwa kwa wingi mno na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit, hazimo kwenye kundi hilo.

Kipimo cha uhakika ni mashine ya kupimia mionzi. Hapa kwetu chombo chenye dhamana ya masuala ya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hao ndio wa kuulizwa kama lenzi ina mashaka au imevunjika na mnataka kuitoa nyumbani. Shimo la taka, moto wa nyuma ya nyumba na fundi wa mtaani si mahali pa kuipeleka.

Ikiwa mojawapo itakuwa na dalili hizo, masharti ni haya: isikae chini ya mto wala karibu na kitanda cha mtoto, isigeuzwe kuwa kioo cha kukuzia maandishi, isisuguliwe kwa msasa au dawa ya kung’arishia vioo. Ikianguka na kupasuka, vaeni glavu, okoteni vipande, pangusani unga kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, fungeni vyote kwenye mfuko imara, halafu noweni mikono kwa sabuni.

Hatari zinazonitisha zaidi ya mionzi

Niwe mkweli kwako, mama. Nikiingia chumbani mlipoweka sanduku hilo, lenzi yenye thoriamu haitakuwa kitu cha kwanza nitakachokimbilia. Nitaanza na betri.

Kamera nyingi za filamu za miaka ya sitini na sabini zilitumia betri ndogo ya duara kuendesha kipima mwanga, na betri hizo zilikuwa na zebaki. Fungueni kifuniko kidogo, mara nyingi kiko chini ya kamera. Kama betri bado imo, itoeni mkiwa na glavu, msiichome moto kwa sababu mvuke wa zebaki ni sumu, na msiiache popote mtoto anapofika.

Hilo linahusu pia betri mpya za umbo la kifungo ambazo kijana anaweza kuwa nazo kwenye rimoti ya kamera au taa ndogo. Mtoto wa miaka miwili hujua vitu kwa kuvitia mdomoni. Betri ya aina hiyo ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama mtoto anacheza kama kawaida. Ukishuku amemeza, usimtapishe na usisubiri dalili. Mpeleke hospitali yenye eksirei saa hiyohiyo, na taja neno “betri” mara tu unapofika mapokezi.

La pili ni dawa za kusafishia. Vijana wengi hujifunza kufungua na kusafisha lenzi kwa kutazama video. Huko wataambiwa wachanganye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa na amonia ili kuua fangasi wa kwenye kioo. Mchanganyiko huo unakera macho na mapafu, kwa hiyo usifanyike chumbani mlango ukiwa umefungwa. Na kamwe amonia isikutane na dawa ya klorini ya kung’arishia nguo nyeupe. Zikichanganyika hutoa gesi yenye sumu inayoweza kumlaza mtu hospitali. Ndoo iliyofulia nguo za klorini asubuhi isitumike kwa kazi hii mchana.

Pia kuna petroli ya viberiti, ambayo mafundi huitumia kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye mabapa ya tundu la lenzi. Mvuke wake hushika moto hata ukiwa mbali kidogo na jiko. Kama nyumba yenu ina chumba kimoja cha kupikia na kufanyia kazi, kazi hiyo ihamie uani, jiko likiwa limezimwa.

La tatu ni jua. Lenzi ni kioo cha kukusanya mwanga. Ikiachwa wazi dirishani inaweza kuliweka jua lote kwenye doa moja la pazia au godoro, na doa hilo likaanza kuungua. Vifuniko viwepo mbele na nyuma, kila wakati. Na asilitazame jua kupitia kitundu cha kamera yenye kioo cha kuakisi ndani. Jicho linaweza kuunguzwa bila kuhisi maumivu.

Wapo wanaozianika juani makusudi lenzi za thoriamu ili umanjano uishe. Ni kweli mwanga wa urujuanimno huung’arisha umanjano huo, na huchukua siku au hata wiki. Anayetaka kufanya hivyo aiweke juu ya sakafu ya saruji au sinia la chuma, aifunike nyuma yake kwa karatasi ya foili, na asiondoke. Akitumia taa ya urujuanimno, aiweke ndani ya boksi lililofunikwa, asiitazame. Lakini si lazima. Kamera ya kidijitali hurekebisha rangi yenyewe, na hasara inayobaki ni mwanga kidogo tu unaopotea njiani.

Tanga, Mombasa, Unguja: ugonjwa wa lenzi ni fangasi

Kwa mtu wa pwani, adui mkubwa wa lenzi ya zamani ni unyevu. Fangasi huota ndani ya kioo kama anavyoota kwenye ukuta wa bafu, na hutoa tindikali inayokula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Akisafishwa mapema, lenzi hupona. Akiachwa kwa miaka, huondoka na kuacha alama kama ya utando wa buibui, ambayo haifutiki.

Kijana achukue taa ya simu, aimulike lenzi kutoka upande mmoja huku akitazama upande wa pili kwa mshazari. Nyuzinyuzi zinazotawanyika ni fangasi. Wingu jepesi ni mvuke wa mafuta uliogandia kwenye kioo. Vumbi chembechembe lisimsumbue, halionekani kwenye picha. Kisha azungushe pete ya tundu aone kama mabapa yanafunguka na kufunga bila kukwama, halafu azungushe pete ya kulengea aone kama inakwenda laini.

Zenye fangasi zitengwe na zenye afya. Zile kava za ngozi walizokuja nazo, ambazo najua ni kumbukumbu ya mzee, zisihifadhiwe lenzi tena. Ngozi hushika unyevu, na fangasi anaipenda. Nunueni chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, wekeni vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na vifuko hivyo navyo viwe mbali na mtoto. Mchele wanaoshauri watu mtandaoni huleta unga na wadudu. Upikeni.

Zitaingiaje kwenye kamera mpya?

Sasa niende kwa kijana, ambaye najua atasomewa ukurasa huu akubali asikubali.

Mdogo wangu, kila aina ya kamera imepangiwa umbali wake kati ya mdomo inapofungwa lenzi na kihisi kinachopokea picha. Lenzi nyingi za enzi za baba yako hufungwa kwa kuzungushwa kama parafujo, mdomo wake ukiwa na upana wa milimita 42, na watu huziita M42. Zimepangiwa umbali wa milimita 45.46. Ili zilenge sawasawa, lazima zikae umbali huohuo kwenye kamera yako.

Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani zina umbali mfupi. Za Sony za mdomo wa E ni milimita 18, za Nikon Z ni 16, za Canon RF ni 20. Kwa hiyo panabaki nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na adapta, ambayo ni bomba la chuma lisilo na kioo wala umeme. Ndiyo maana bei yake haifanani hata kidogo na bei ya lenzi.

Kama kamera yako ni ile ya zamani kidogo yenye kioo ndani, angalia jina kabla ya kununua. Canon EF ina milimita 44, kwa hiyo pete nyembamba ya kama milimita moja na nusu inatosha. Lakini funga taratibu, maana kuna lenzi zinazotokeza nyuma na kugonga kioo. Nikon F ina milimita 46.5, ambayo tayari imezidi. Hapo M42 italenga vitu vya karibu tu, na mwisho wa ukumbi utabaki ukungu. Adapta zenye kioo cha kurekebisha zipo, ila zile za bei rahisi huharibu usafi wa picha uliokuwa unautafuta.

Ukishafunga, ingia kwenye menyu uruhusu kamera ipige bila lenzi, kwa sababu haitaitambua hiyo uliyoiweka. Weka kamera kwenye A au Av. Wewe utazungusha tundu kwa mkono, yenyewe itapanga kasi. Lenzi ikiwa na swichi ya A na M ubavuni, iweke M, la sivyo tundu litabaki wazi hata ukizungusha pete. Kama kamera yako ina kitulizo cha mtikisiko ndani, iandikie urefu wa lenzi, 50 au 58, ili ijue cha kufanya.

Kulenga ni kwa mkono. Washa ile alama ya rangi inayomulika kingo za kitu kilicholengwa, na kwa picha ya uso ikuze picha hadi uone kope. Kabla ya hapo, rekebisha kigurudumu kidogo kilicho pembeni ya kitundu cha kuchungulia mpaka maandishi ya ndani yawe makali kwa jicho lako. Ikiwa yanakataa hata baada ya kuzungusha mpaka mwisho, tatizo linaweza kuwa jicho. Nenda ukapime macho kabla hujailaumu lenzi.

Ajue pia kitu kimoja kuhusu upana. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi kidogo kuliko filamu. Kwenye kihisi cha aina ya APS-C cha Sony au Nikon, lenzi ya 50 itaona eneo kama la 75, na ile ya 28 itaona kama ya 42. Sebule ndogo yenye wajomba kumi na sita haitaingia. Lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, ile ya 18 hadi 55, bado ina kazi.

Atapatia riziki?

Hapa ndipo ninapomwomba awe mwangalifu, kwa sababu harusi haina marudio. Bibi harusi akiingia ukumbini hasimami kusubiri mtu azungushe pete. Picha za kuingia, za kukata keki na za vurugu ya kucheza apige kwa lenzi ya kisasa inayojilenga. Za zamani azitumie kwa vitu vinavyotulia: uso wa bibi harusi akipambwa, mikono yenye hina, pete, viatu, mama mzazi aliyekaa kitako akiwaza.

Hapo ndipo lenzi hizo hulipa. Ikifunguliwa tundu lake lote, Helios 44, ambayo ilibuniwa kwa kufuata Biotar ya Zeiss, huzungusha mandhari ya nyuma kama kisulisuli, hasa majani yakiwa nyuma ya mtu. Lenzi za zamani kwa jumla huwa na ukali mdogo pembezoni na hulegea mbele ya taa kali, kwa hiyo akinge mwanga kwa kofia ya lenzi au hata kiganja. Kwa uso wa mtu ulegevu huo mara nyingi ni neema. Kwa picha ya pamoja ya ukoo ni lawama, maana shangazi wa pembeni atatoka ukungu na atataka kujua kwa nini.

Ajizoeze mwezi mzima nyumbani, kwa mjukuu anayekimbia, kabla ya kuchukua malipo ya mtu. Akiweza kumnasa huyo, ataweza wengine.

Ipo na kazi nyingine ambayo huenda ndugu hamjaiwaza. Kama kwenye sanduku au mahali pengine mzee ameacha negativu, lenzi ya 50 ikiongezewa pete za kuisogeza mbele itaweza kuzipiga negativu hizo moja moja zikiwa juu ya mwanga mweupe, na kompyuta ikazigeuza kuwa picha. Negativu zikinuka kama siki, zimeanza kuoza, ziwe za kwanza. Mji mzima ulipita mbele ya kamera ya mtu huyo. Wapo watu ambao picha pekee ya mama yao iko humo. Za wateja zisirushwe mitandaoni bila idhini ya wenyewe, lakini zikirudishwa kwa familia zao, hiyo nayo ni kazi na wengi watailipia.

Kuhusu shemeji na fundi

Mama, mambo ya kioo nimemaliza. Yaliyobaki ni ya watu.

Shemeji yako amemzika kaka yake, na sasa anaona kitu kinachoweza kumdhuru mtoto wa ukoo. Hasira yake naisikia kama woga. Usimwite kumwambia amekosea. Mwite aje siku ya karatasi nyeupe, ashike lenzi moja moja aangalie mwenyewe, na ile itakayokuwa na rangi ya chai yeye ndiye aamue ikae kabati gani. Mwambie kwamba kuhusu thoriamu alisikia sahihi, na kwamba kwa ajili yake betri nazo zimetolewa. Mwanamume mzima akipewa kazi ya kulinda, hupokea simu.

Kwa fundi nina swali moja, na mnaweza kumuuliza kwa adabu: atazitupa wapi? Kitu chenye mionzi hakitupwi mtaani, na kisicho nayo hakina sababu ya kutupwa. Inawezekana ana nia njema. Lakini lenzi za zamani zina wanunuzi duniani kote, na anayechukua bure hana haraka ya kukwambia hilo. Mkiamua kuuza baadhi, angalieni kwanza bei za lenzi yenye jina na namba ileile, na mwambieni mnunuzi wazi kama ina fangasi au thoriamu.

Kwa kijana, ombi langu ni daftari. Aandike kila lenzi: jina, namba, hali ya kioo, hali ya mabapa, rangi juu ya karatasi. Asomee familia nzima, wewe, shemeji na ndugu zake, kabla ya kununua adapta hata moja. Mali ya marehemu haijawa yake peke yake kwa sababu tu yeye ndiye anayejua kuitumia, na akianza kwa kuwashirikisha hakuna atakayemgeukia kazi ikianza kulipa.

Mkimaliza, niandikieni mmekuta nini. Nami wiki ijayo narudi kwenye presha, kwa wale mnaoacha vidonge mkijisikia nafuu. Barua zenu nimezisoma zote.